Tangi la zege linavuja ilhali saruji ilikuwa 42.5: tuzungumzie maji, umwagiliaji na herufi zilizo kwenye mfuko

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naanzisha uzi huu kwa sababu nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu wanaojenga matangi ya kuhifadhia maji, mabafu ya ghorofani na mapaa ya zege: ninunue saruji ipi ili maji yasipite? Anayeuliza huwa anatarajia nimtajie namba, na mara nyingi namba hiyo tayari anayo kichwani, nayo ni 42.5, daraja la nguvu linaloandikwa kwenye mfuko wa saruji. Mimi mwenyewe niliwahi kujibu hivyohivyo kwa miaka kadhaa, mpaka tangi moja la Dodoma liliponitia adabu.

Tangi hilo ni la shemeji yangu, limechimbiwa uani, kina chake mita 2, na linabeba lita 20,000. Lilijengwa mwezi Agosti, wakati ambao Dodoma haina mvua, hewa ni kavu na upepo unavuma kutwa. Saruji ilikuwa 42.5 kweli, nondo zilifungwa vizuri, na kyubu (vipande vya zege hilohilo vyenye umbo la dadu, vinavyopondwa kupima nguvu) tulizozipeleka maabara zilifaulu siku ya 28 bila wasiwasi. Tangi lilipojazwa, maji yakawa yanashuka karibu upana wa vidole viwili kila siku. Shemeji akamlaumu fundi, fundi akailaumu saruji, na mwenye duka akasema saruji yake imejenga nusu ya mtaa na hakuna aliyelalamika.

Tuliyatoa maji yote nikashuka ndani kwa ngazi. Sakafu ilikuwa nyeupe-nyeupe kama majivu ya jana. Ukiikwaruza kwa ukucha, unga unatoka. Nilimimina kikombe cha maji, yakanywewa kama yamemwagwa shambani. Lakini kona moja, eneo lisilozidi karai mbili zikiwekwa pamoja, ilikuwa ya kijivu kilichokolea, ngumu, na maji niliyomimina pale yalitulia juu yake kama yamo kwenye sahani. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba hapo ndipo lilipokuwa limesimamishwa pipa la maji la mafundi, pipa lililokuwa na tundu dogo chini, ambalo lilishushwa siku ya pili baada ya sakafu kumwagwa na likaendelea kuchuruzika hadi mafundi walipohamisha vifaa vyao, karibu majuma matatu baadaye. Zege lilikuwa lilelile, la mchanganyiko uleule na fundi yuleyule. Sehemu nyingine zote zilimwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Boza la maji likachelewa, na habari ya kumwagilia ikaishia hapo.

Kwa hiyo hoja yangu katika uzi huu ni kwamba namba iliyo kwenye mfuko, na hata namba inayotoka maabara, inazungumzia nguvu ya zege kubeba mzigo. Kuhusu maji haikuahidi chochote. Kinachozuia maji ni ngozi ya zege, yaani sentimita chache za juu, na ngozi hiyo hutengenezwa au huharibiwa ndani ya majuma mawili ya kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi husema zege "limekauka" tunapotaka kusema limekuwa gumu, na nadhani neno hilo limetugharimu pesa nyingi. Zege halifanyi kazi kama udongo wa tofali la kuanika. Saruji inapokutana na maji huanza kuungana nayo na kuzaa kitu kipya, jeli ngumu ya kalisi na silika inayojaza nafasi kati ya chembe na chembe. Mafundi wazee husema zege "linaiva", nao ndio wako sahihi, kwa kuwa kinachoendelea ni mapishi, na sufuria ikikaukiwa na maji mapishi husimama. Unyevu wa hewa iliyo ndani ya vinyweleo vya zege ukishuka chini ya takriban asilimia 80, mwungano huo husimama au huwa wa polepole mno kiasi cha kutofaa kitu.

Sasa tupige hesabu ya mfuko mmoja wa kilo 50. Maji yanayofungwa moja kwa moja ndani ya saruji ni kama asilimia 23 ya uzito wake, yaani lita 11 na nusu hivi. Mengine kama asilimia 19, lita 9 na nusu, hushikwa ndani ya jeli yenyewe na hayaendi popote. Jumla ni lita 21. Ukiweka lita 25 tunasema uwiano wa maji kwa saruji ni 0.5. Ukiweka ndoo moja na robo tatu, lita 35, kama nilivyoona kwenye maeneo mengi ya ujenzi, uwiano ni 0.7, na lita 14 katika hizo hazina mwenyeji. Zitatafuta njia ya kutoka, na njia zitakazoacha ndizo zitakazopitisha maji ya tangi siku za usoni. Halafu mchanga wenyewe huja na maji yake: kilo 100 za mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 zimebeba lita 5 ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mwaka 1959 mtafiti wa Marekani aitwaye Powers pamoja na wenzake wawili walichapisha matokeo ambayo, kwa maoni yangu, yangepaswa kubandikwa kwenye kila stoo ya saruji. Waliuliza: saruji ya kawaida inahitaji kukaa na unyevu kwa muda gani mpaka jeli izibe zile njia nyembamba, zisiunganike tena kutoka upande mmoja hadi mwingine? Kwa uwiano wa 0.40 jibu lilikuwa siku 3. Kwa 0.45, siku 7. Kwa 0.50, siku 14. Kwa 0.60, miezi 6. Kwa 0.70, mwaka mzima. Zaidi ya 0.70 njia hazizibiki kamwe, hata ukilizamisha zege ziwani. Saruji za siku hizi husagwa laini zaidi na huenda haraka kidogo, lakini sura ya jedwali haibadiliki. Tazameni mruko huo kati ya 0.50 na 0.60: lita 5 tu kwa mfuko, robo ya ndoo, na muda umetoka wiki mbili hadi nusu mwaka. Tajiri gani atamwagilia nusu mwaka?

Na kyubu je, mbona zilifaulu? Zilifaulu kwa sababu hazikuishi maisha ya tangi. Kyubu ilitolewa kwenye moldi siku ya pili ikatumbukizwa majini maabara, kivulini, kwa siku 27, wakati ndugu zake waliobaki uani walikuwa wanapigwa na upepo wa Dodoma. Isitoshe, ukavu hauingii katikati ya ukuta kwa haraka. Huanza na ngozi. Ukuta unaweza kuwa na moyo mgumu unaobeba mzigo wote uliokusudiwa, huku sentimita tatu za juu, ambazo ndizo zinazolinda nondo na kuzuia maji, zikiwa zimeachwa mbichi maisha yao yote. Ukitaka kujua habari ya maji yapo majaribio yake, kama lile la kiwango cha Ulaya, EN 12390-8, ambamo zege husukumwa na maji kwa msukumo wa kilopaskali 500, sawa na kina cha mita 50, kwa saa 72, kisha hupasuliwa katikati na kupimwa maji yameingia milimita ngapi. Ni nadra kwa mwenye nyumba kuliomba jaribio hilo, nami simlaumu.

Tuje kwenye mfuko. Watu husoma namba na kuziruka herufi, ilhali herufi ndizo zinazosema ndani mna nini. CEM ni kifupi cha neno la Kiingereza la saruji. CEM I ni klinka karibu tupu (yaani mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja, ambavyo vikisagwa ndiyo saruji yenyewe), asilimia 95 kwenda juu. CEM II/A ina viongezo vya asilimia 6 hadi 20, na CEM II/B ina 21 hadi 35. CEM IV/A ni saruji ya pozolana ya asilimia 11 hadi 35, na CEM IV/B ni 36 hadi 55. Herufi inayofuata hutaja kiongezo: P ni pozolana ya asili, yaani majivu na miamba ya volkano, V ni majivu ya makaa ya mawe, S ni slagi ya tanuru za chuma, L au LL ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, M ni mchanganyiko wa zaidi ya kimoja. Namba 32.5 maana yake ni kwamba sampuli ya saruji hiyo katika siku 28 haitakuwa chini ya newtoni 32.5 kwa milimita ya mraba, na haitazidi 52.5. Kwa 42.5 mipaka ni 42.5 na 62.5. Mnaona zinavyopishana katikati.

Kwa mambo ya maji, mifuko miwili iliyoandikwa 32.5 inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Mawe ya chokaa yaliyosagwa hujaza nafasi kidogo na kuifanya saruji iwe laini mkononi, lakini sehemu yake kubwa hukaa pale kama mgeni. Pozolana hufanya kazi. Klinka inapoungana na maji huzaa jeli pamoja na chokaa, aina ileile ya chokaa tunayopaka ukutani, na chokaa hiyo inaweza kufikia asilimia 20 hadi 25 ya ujazo wa kile kilichoganda. Haina nguvu ya maana na huyeyuka polepole maji yanapopita. Ule weupe unaochuruzika chini ya paa la zege linalovuja ndio yenyewe ikitoka. Silika ya pozolana huichukua chokaa hiyo na kuigeuza kuwa jeli zaidi, na jeli hiyo mpya huota katikati ya njia za maji. Slagi na majivu ya makaa ya mawe huelekea hukohuko.

Ila pozolana haina haraka. Huanza kazi yake ya maana baada ya klinka kuzaa chokaa, na huendelea kwa majuma na miezi, na wakati wote huo inataka maji. Saruji ya pozolana ikimwagiliwa siku tatu ikaachwa, umelipa asilimia 30 au 50 ya mfuko kwa ajili ya vumbi la mlima ambalo halikufanya chochote, na zege lako litapitisha maji kuliko lile la CEM I lililotendewa ubaya uleule. Ikimwagiliwa siku 14 au zaidi, kwa uwiano mdogo wa maji, mambo hugeuka, na baada ya miezi mitatu ile 32.5 iliyodharauliwa dukani inaweza kuwa ngumu zaidi kwa maji kupenya kuliko 42.5 ya jirani iliyoachwa juani. Kanuni za India, IS 456 ya mwaka 2000, ambazo nazipenda kwa sababu zinaandikwa na watu wanaolijua jua, zinataka siku zisizopungua 7 kwa saruji ya kawaida, zisizopungua 10 kwa saruji zenye viongezo au mahali pa joto na ukavu, na kwa zenye viongezo zinashauri kufika 14.

Kumwagilia nako kuna namna. Ndoo ya asubuhi na ndoo ya jioni kwenye jamvi (namaanisha jamvi la nyumba, siyo hili letu) lililo uchi kwenye upepo maana yake ni kwamba kufikia saa nne limeshakauka, na linakaa kavu hadi jioni. Afadhali ujenge kingo za mchanga pembeni na kutuamisha maji kimo cha vidole viwili, au utandaze magunia yaliyolowa na juu yake nailoni, pembe zikandamizwe kwa tofali ili upepo usifunue. Kuta ni ngumu zaidi. Mbao zikifunguliwa kesho yake asubuhi, ukuta unabaki bila nguo. Ziacheni siku kadhaa, mzilegeze kidogo na kumimina maji kati ya mbao na zege, kisha zikitoka magunia yaning'inizwe mara moja. Wala msisubiri kesho ndipo muanze: sakafu ikishapoteza ule mng'ao wa maji juu yake, ifunikwe, kwa kuwa kwenye upepo mkavu nyufa za kwanza hutokea kabla fundi hajamaliza chakula cha mchana.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa mafundi.

Mchango wa 2: fundi ujenzi, Dodoma

Mkuu, heshima kwako, na pole kwa tangi. Nimemwaga zege tangu mwaka 1998 na nakubaliana nawe kwenye pipa, maana hata mimi nimeona chini ya mapipa zege huwa la rangi nyingine, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kwenye lita 25 ndipo ninaposita. Zege la hivyo huwa zito, haliingii kati ya nondo, na ukilazimisha, mbao zikifunguliwa unakuta mashimo kama sega la nyuki, tajiri anapiga kelele na unaziba kwa fedha yako. Tena sisi tunalipwa kwa kazi na siyo kwa siku. Tukishamwaga, kesho tuko mtaa mwingine. Kumwagilia anaachiwa mlinzi, na mlinzi ana ndoo moja na simu.

Mwanzisha uzi

Fundi, nashukuru, na hilo la mlinzi umelisema vizuri kuliko mimi. Sega la nyuki ni baya kuliko vinyweleo vyote nilivyovizungumzia, kwa hiyo sikuambii umwage zege lisiloingia. Nakuambia tu kwamba ndoo ya maji siyo njia pekee ya kulilainisha. Tumia kokoto ndogo zaidi kwenye ukuta mwembamba, za milimita 10 hadi 14 zikichanganywa na za 20, na mchanga usio na vumbi jingi, kwa kuwa vumbi hunywa maji. Kodi vibreta, mashine ya kulitikisa zege lishuke, hata kwa siku moja tu ya kumwaga ukuta. Na ipo dawa ya maji ya kulainisha zege, ambayo hupimwa kwa kila mfuko kama mtengenezaji alivyoelekeza, nayo hutawanya chembe za saruji zisigandamane, zege likatiririka bila tone la ziada. Ikiwa hayo yote hayapatikani na lazima uongeze maji, basi ongeza na saruji, ili uwiano ubaki palepale. Kisichovumilika ni kuongeza maji peke yake saa nane mchana kwa sababu zege limeanza kushika kwenye karai.

Kuhusu malipo, kwa tangi linalofuata nimemwomba shemeji atenganishe: fungu la mwisho la fedha za fundi hulipwa siku ya 15, baada ya magunia kuondolewa, na fundi anamwacha kijana mmoja mwenye posho ya siku. Posho hiyo haifiki bei ya mifuko michache ya saruji.

Mchango wa 4: mdau, Mombasa

Hamjambo nyote. Huku kwetu simiti inayouzwa sana imeandikwa CEM IV/B-P 32.5 N, na kontrakta wangu aliniambia hiyo ni ya kupiga lipu tu, haifai kwa tangi. Badala yake anataka tununue ya 42.5 tutie na unga wa wotapurufu. Je, huo unga unatosha tukipunguza siku za kumwagilia? Maji yetu ni ya kununua.

Mwanzisha uzi

Dada, kwa herufi ulizozitaja, simiti hiyo ina pozolana ya asili kati ya asilimia 36 na 55. Hutokana na miamba ya volkano. Kwa nguzo zinazotakiwa kubeba mzigo mapema, au slabu inayotakiwa kufunguliwa mbao haraka, kontrakta wako ana hoja, kwa sababu siku za mwanzo ni dhaifu. Kwa tangi la nyumbani ambalo halina haraka ya kujazwa, na kwa mji wa pwani wenye chumvi hewani, pozolana ina faida yake: njia zikiziba, chumvi nayo huchelewa kuzifikia nondo. Lakini faida hiyo hainunuliwi pamoja na mfuko. Kama unajua kabisa kwamba maji ya kumwagilia hayatapatikana kwa majuma mawili, chukua saruji yenye klinka nyingi, CEM I au CEM II/A, maana hiyo haiumii sana kama ile ya pozolana ikikosa maji, na afadhali kuujua udhaifu wako kuliko kutumaini. Yenye pozolana nyingi ikikaushwa mapema hupoteza mara mbili: inapitisha maji, na hewa ya kaboni huingia haraka hadi kwenye nondo.

Unga wa wotapurufu wa aina nyingi una mafuta ya jamii ya sabuni, yanayozifanya kuta za vinyweleo zisilowe. Husaidia kwenye lipu inayopigwa mvua na kwenye unyevu unaopanda kutoka msingini. Chini ya tangi, ambako maji yanasukuma saa zote, vinyweleo vikiwa vikubwa maji hupita tu. Ipo aina nyingine inayoota fuwele ndani ya zege, ambayo ni bora na ni ghali, nayo pia haioti bila unyevu. Kwa hiyo hakuna unga unaochukua nafasi ya magunia. Kuhusu bei ya maji, magunia yaliyofunikwa kwa nailoni hayahitaji kuloweshwa kila saa. Yakifungwa vizuri hutumia maji kidogo mno kuliko kurusha kwa mpira, ambako nusu huishia kwenye mchanga.

Mchango wa 6: mdau, Unguja

Naongezea swali kwa wataalamu. Visima vyetu vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na mafundi huyatumia kuchanganyia na kumwagilia. Na la pili, wazee wetu walijenga mabirika ya misikiti kwa mawe ya matumbawe na chokaa bila saruji hata chembe, na mengine yanashika maji hadi leo. Wao walifanyaje?

Mwanzisha uzi

Kaka, la kwanza lijibiwe kwa hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, na kati ya hizo kloridi ni kama gramu 19. Lita 25 za kuchanganyia mfuko mmoja zitabeba gramu 475 za kloridi, karibu asilimia 0.95 ya uzito wa saruji, wakati kiwango cha juu kinachokubalika kwa kawaida kwenye zege lenye nondo ni asilimia 0.4, yaani gramu 200 kwa mfuko. Maji ya kisima huwa na chumvi pungufu ya bahari, lakini ukichanganya nayo na ukamwagilia nayo, kila jua likikausha ngozi, maji huondoka na chumvi hubaki. Chumvi hiyo huzitia nondo kutu, na kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Maji matamu machache yawekwe kwenye mchanganyiko na siku za mwanzo za kumwagilia. Zege lisilo na nondo ni shauri jingine.

La pili nimelifurahia. Wazee hawakuwa na haraka, na nadhani hiyo ndiyo siri kubwa kuliko ya kiungo. Matumbawe yalichomwa kwenye tanuru la magogo, chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa, kisha ikapakwa tabaka nyembamba juu ya tabaka na kusuguliwa hadi ikang'aa. Kusugua huko kunaifunga ngozi. Chokaa tupu hushika kwa kuvuta hewa ya kaboni, tofauti na saruji inayoshika kwa maji, kwa hiyo tusichanganye mafunzo. Lakini pale chokaa inapokutana na udongo uliochomwa au majivu ya volkano, mwungano ni uleule wa pozolana niliousema, na Warumi waliutumia kwenye bandari zao kwa majivu ya Pozzuoli, mji ambao ndio uliotupa neno lenyewe. Huku bara, majivu ya pumba za mpunga yana silika kati ya asilimia 85 na 95, nayo hufanya kazi hiyo yakichomwa bila kuzidi takriban nyuzi 700, kwa kuwa moto ukizidi silika hugeuka fuwele na kupoteza uwezo wa kuungana na chokaa. Majivu ya pumba yaliyotoka kwenye tanuru la tofali, kwa hiyo, msiyamimine kwenye zege na kutumaini.

Mchango wa 8: mdau

Tuambie basi, tangi la shemeji liliishia wapi? Lilivunjwa?

Mwanzisha uzi

Halikuvunjwa. Kwanza tulilijaza tena na kuliacha limejaa, kwa sababu zege lililokatizwa mapishi likipata maji huendelea kidogo, na nyufa nyembamba zisizofika milimita 0.2 hujiziba zenyewe kwa chokaa inayoganda ndani yake. Baada ya mwezi mmoja upungufu ulipungua zaidi ya nusu, lakini haukuisha. Ndipo tukalitoa maji, tukakwaruza ngozi yote ya unga kwa brashi ya waya hadi tukakuta zege lenye sauti ngumu, tukapiga lipu ya moja kwa tatu (saruji kwa mchanga) katika tabaka mbili, na niru, yaani uji wa saruji, juu yake. Tabaka ya pili ilipigwa ya kwanza ikiwa bado na unyevu. Magunia yalikaa siku 14, mfuniko wa tangi umefungwa, na safari hii hatukutegemea boza. Tulinunua maji yote ya kumwagilia kabla ya kununua saruji.

Kipimo tulichofuata ni cha kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 8007: tangi linajazwa, linaachwa lishibe kwa majuma matatu ikiwa lilisanifiwa kuruhusu nyufa za milimita 0.2, kisha kimo cha maji kinasomwa kila siku kwa siku 7, na ukishatoa mvukizo, upungufu wote usizidi sehemu moja ya 500 ya kina, wala usizidi milimita 10. Kwa kina cha mita 2 hiyo ni milimita 4. Ili kujua mvukizo tuliiacha ndoo yenye maji ielee palepale ndani, tukapima na maji yake. Tofauti kati ya tangi na ndoo baada ya siku 7 ilikuwa milimita 3. Ile kona ya pipa hatukuikwaruza. Brashi ya waya ilikuwa inateleza tu juu yake, na ili lipu ipate pa kushika tulilazimika kwanza kuichonga kona hiyo kwa patasi.

Mchango wa 10: fundi ujenzi, Dodoma

Nimewasoma. Jumamosi namwaga jamvi na msingi wa tangi huku mtaa wa Kisasa. Nimechukua ndoo mbili nikazichora mstari wa rangi nyekundu kwenye lita 12 na nusu, ili kijana wa maji asinipimie kwa macho, na tajiri nimemwambia magunia ni juu yake. Ameuliza ni mangapi. Sakafu ni mita 5 kwa 4. Nadhani thelathini ya kilo 100 yakifumuliwa yatatosha, ila mwenye uzoefu anirekebishe kabla ya Ijumaa.